Jina Sahihi la Fundi Leonardi

Alhamisi, 8 Oktoba 1992

Stensili ya pili imepasuka kwenye herufi o. Mashine ya parokia hula herufi za mviringo. Nimeziba kwa rangi ya kucha, nimeendelea.

Tangu gazeti letu lifungwe baada ya uporaji wa mwaka jana, kazi yangu ni hii: safu ya "Mtakatifu wa Juma" kwenye karatasi ya Jumapili. Zamani niliandika migodi, mahakama, ajali za treni. Sasa naripoti waliokufa kale. Sifanyi mzaha. Maisha yao nayasoma kama faili: nani, wapi, nani alishuhudia. Wengi hawana shahidi. Wachache hunifanya niweke kitabu chini na kutazama ukuta. Faili za mahakama hazikuwahi kunifanya hivyo.

Padri anasema waumini wamechoka na Waitaliano. Anataka mmoja wa hapa, aliye hai. Nimemchagua Fundi Leonardi, seremala wa Shituru. Maiti asiye na ndugu, awe ametoka hospitali au gereza la Buluo, huzikwa ndani ya sanduku alilotengeneza yeye. Halipwi. Haulizi marehemu alikuwa nani. Na Leonardi wa kale ni mwombezi wa wafungwa. Kichwa cha habari kilijiandika chenyewe.

Kibao cha karakana yake kinasema KILUMBA L., MENUISIER, yaani seremala. Kitabu cha ubatizo kinasema Tshilumba. Nimefuata kitabu. Jina likikosewa, habari nzima imekosewa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha wengine.

Nimesahihisha.

Jumapili, 11 Oktoba

Karatasi zimeisha kabla ya misa ya pili kutoka. Haijawahi kutokea. Akina mama wa kwaya walimzunguka Fundi mlangoni.

"Fundi, weye sasa iko mutakatifu! Utatufanyia muujiza gani?"

"Misumari," alisema. "Nilipata kilo moja jana. Ile ni muujiza kabisa."

Walicheka. Mkewe, Mama Kristina, hakucheka. Alikuwa bado anasoma.

Kisha Fundi akanijia. "Papa Journaliste, umeandika muzuri. Ile jina, nani alikupatia?"

"Kitabu cha ubatizo."

"Aa. Kitabu."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani.

Ile "aa" niliisikia. Sikuuliza. Mwandishi ambaye hakuuliza.

Jumatatu, 12 Oktoba

Niandike hapa, nisije baadaye nikasema sikujua. Nilijua.

Kwa majuma sasa watu wa Kasai wanafukuzwa mjini, nyumba kwa nyumba. Wamejaa kituo cha reli wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ya babu zao, ambayo wengi hawajaiona. Vijana wanawaita bilulu, wadudu. Na kila mtoto wa Likasi anajua: Ki mwanzoni mwa jina ni Mluba wa hapa Katanga, Tshi ni Mluba wa Kasai. Kilumba analala nyumbani kwake. Tshilumba anaenda kituoni.

Nilijua yote hayo Alhamisi, kalamu mkononi. Nilijiambia: wasomaji wetu ni Wakristo.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimepita karakana. Mtu ameichora KI ya kibaoni mstari kwa makaa. Juu yake ameandika TSHI.

Tahajia yangu.

Fundi alikuwa ndani, anapiga randa. Hakutoka. Sikuingia.

Jumamosi, 17 Oktoba

Wameondoka.

Habari kutoka kwa Mama Faida, jirani yao ukuta kwa ukuta. Vijana walikuja jana mchana. Mmoja alishika karatasi ya parokia, akaisoma kwa sauti, pamoja na sifa zote. Waliosimama nyuma walipiga makofi. Kisha wakampa muda wa kufunga mzigo. Fundi na mkewe walitembea hadi kituoni na godoro, sufuria mbili, picha ya Bikira. Mbao zilichukuliwa. Vyombo vya kazi vimebaki ndani ya nyumba, na humo sasa kuna mwenyeji mpya.

Mama Faida alilia akisema. "Alitengenezea mama yangu sanduku, hakuomba kitu. Na shiye tulifunga mulango. Tulisikia yote, tulifunga mulango."

Nilimwambia hakuwa na la kufanya. Ni rahisi kumsamehe Mama Faida.

Nimekwenda kwa Padri. Alikuwa ameshasikia. Alisema yeye ndiye aliyetaka mtu wa hapa, kwa hiyo kosa ni lake. Nikamwambia yeye hakuomba herufi.

Safu ya kesho ni Luka Mwinjili. Mistari minane, imekufa yote.

Jumapili, 18 Oktoba

Kituo kiko mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Sikuenda.

Jumanne, 20 Oktoba

Sikuenda.

Nimesoma maisha ya Aleksi. Mtoto wa tajiri, alikimbia nyumbani, akarudi kama ombaomba, akaishi miaka kumi na saba chini ya ngazi ya baba yake mwenyewe. Hakuna aliyemtambua. Jina lake walilikuta kwenye karatasi mkononi mwake, alipokwisha kufa.

Kama faili, ni dhaifu. Mashahidi hakuna. Lakini nimeisoma mara tatu. Nilikuwa nikidhani utakatifu wake ni umaskini. Leo naona ni ile karatasi. Jina lilikuwa lake, na alichagua mwenyewe wakati wa kufungua mkono.

Mimi nilimfungua mtu mkono kwa nguvu, nikaita hiyo usahihi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimekwenda.

Watu wamelala hadi juu ya reli. Maturubai, magunia, moshi wa bukari, ugali wa huku, unaopikwa kati ya mataruma. Harufu siielezi. Nimeripoti ajali nyingi, lakini ajali huwa na mwisho. Hii inaendelea.

Niliwakuta karibu na ghala. Mama Kristina amelala kwenye godoro, homa na kuhara. Fundi alinipisha nikae juu ya sufuria iliyogeuzwa.

Nilisema nilichokuja kusema: ni mimi niliyebadilisha jina.

"Haukubadilisha," alisema. "Ulirudisha. Miye ndiye nilibadilisha, siku nilifungua karakana. Ubao ilikuwa mufupi."

Akacheka. Nusura nami nicheke. Mama Kristina alifumbua macho.

"Papa Journaliste. Weye unajua kusoma vitabu yote ya Padri. Muji, haukujua kuisoma?"

"Mama, acha," alisema Fundi.

"Siachi. Ajibu."

Nilimwambia niliujua, na nikaandika. Akageukia ukuta wa ghala.

Fundi alinisindikiza hatua chache. Watu wanakufa kituoni, alisema, wanazikwa ndani ya mikeka, wengine bila mkeka. Mbao za makreti ziko. Misumari anaweza kunyoosha ya zamani. "Mukono iko. Randa hakuna, musumeno hakuna. Viko kwangu." Kisha akarekebisha: "Viko kwenye ile nyumba."

Hakuniomba. Alitaja tu mahali vilipo.

Jumamosi, 24 Oktoba

Aliyefungua mlango wa nyumba ya Fundi ni kijana wa miaka ishirini hivi, kifua wazi, mchangamfu. Randa ilikuwa sakafuni, imezuia mlango usifungwe na upepo.

Nilijitaja jina. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ah, ni weye uliandika ile karatasi! Merci, Papa. Ulitusaidia. Shiye wote tulikuwa tunazania ule muzee ni muntu wa hapa."

Nimetukanwa na wakubwa wa kampuni, na mawakili, na wanajeshi. Hakuna tusi lililonipata kama shukrani hii.

Nilisema nataka randa na msumeno.

"Za nini? Ule kilulu ni ndugu yako?"

Hapa nilipaswa kusema ndiyo. Nilisema: "Ni kazi ya parokia."

Ilikuwa kweli. Nilichagua ukweli ulio mdogo kuliko mwingine. Basi sasa najua kwamba naweza, nikitaka, kutokuwa sahihi sana.

Alitaka saa yangu. Nilimpa. Martino alikata joho lake kwa ajili ya maskini, nami sitajilinganisha naye. Martino hakuwa ndiye aliyemvua maskini nguo.

Alipokuwa ananifungulia njia alisema, "Andika na miye siku moja. Mutakatifu!" Akacheka hadi nilipofika barabarani.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imenyesha alasiri nzima juu ya kituo. Walio na maturubai waliwaita watoto wa wasio nayo.

Fundi anafanya kazi tangu Jumapili, nilipompelekea vyombo. Amefunga mbao mbili kwenye pipa, ndiyo meza. Wanawake wanamletea misumari iliyopinda, anaipiga juu ya reli hadi inyooke. Wanamtania: "Fundi, tunyoshe na shiye." Amekwisha kumaliza masanduku kadhaa, mengi ni ya watoto. Niliacha kuhesabu. Kwa mara ya kwanza maishani niliacha kuhesabu kitu kwa makusudi.

Mama Kristina hali chakula tena. Nilimletea maji ya chumvi na sukari. Alikunywa kutoka mkono wa mumewe, si wangu. Daktari wa parokia alikuja, akasema kama kungekuwa na kitanda, kama ingekuwa mapema.

Treni inasemekana ni kesho. Ilisemekana hivyo jana pia.

Jumapili, 1 Novemba, Watakatifu Wote

Mama Kristina alikufa Ijumaa asubuhi. Nilikuwepo. Hakunisamehe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nimesoma maisha mengi ya watakatifu ambamo mwisho hupakwa asali na mtu ambaye hakuwepo.

Fundi alimtengenezea sanduku mwenyewe. Wengine walitaka kumsaidia, akakataa. Alipiga randa hata upande wa ndani, ambao hakuna wa kuuona. Ilichukua mchana mzima.

Jana tulimzika. Kabla ya hapo Fundi aliniletea ubao wa msalaba, mswaki wa meno na mabaki ya rangi nyeusi ndani ya kopo.

"Andika."

Nilishika mswaki. Nilimuuliza niandike jina gani.

Watu walikuwa wamesimama karibu. Alinitazama kama fundi anavyotazama kipimo.

"Kristina, bibi ya Tshilumba. Ile ya kitabu. Hapa ubao iko murefu."

Niliandika. Herufi kwa herufi. Mtoto mmoja alisoma kwa sauti nilipokuwa naandika, T, S, H, na mama yake hakumnyamazisha. Kituoni hakuna tena wa kufichwa jina hilo.

Leo kanisani tumeimba litania. Majina, majina, utuombee.

Ijumaa, 6 Novemba

Treni imekuja kweli. Mabehewa ya mizigo. Leo ni sikukuu ya Leonardi, mwombezi wa wafungwa. Nimeandika tu, sitoi maana.

Fundi alipanda na randa, ameifunga ndani ya kitenge cha mkewe. Msumeno amemwachia mtu anayebaki, mwenye mkono mzuri, alisema. Picha ya Bikira alikuwa ameilaza ndani ya sanduku la Mama Kristina.

Nilimuuliza kama Kasai kuna mbao nzuri.

"Unaniuliza miye? Ni weye uliandika natoka kule."

Watu ndani ya behewa walicheka. Naye. Kisha akashusha mkono, nikaushika. Ulikuwa na gundi.

Treni iliondoka jua likiwa juu ya mnara wa kiwanda. Saa kamili sina.

Jumapili, 8 Novemba

Safu ya leo ilikuwa juu ya mtu aliyetengenezea maiti masanduku kwenye kituo cha reli. Bila jina, bila mahali alikozaliwa. Padri hakuuliza. Kwa sheria za kazi yangu, si habari.

Nimerudi kwa njia ya Shituru. Mvua ya juma hili imekuwa nyingi. Karakana imefungwa kwa waya. Kibao bado kinaning'inia. Makaa yametiririka yote, yameacha doa la kijivu kwenye ukuta. Rangi ya mafuta chini yake imebaki: KILUMBA L., MENUISIER.

Nilisimama hapo kidogo. Mama Faida alinipungia mkono kutoka uani kwake.

Sikusahihisha.