Mpini Nilioukata Mwenyewe

Dar es Salaam,
Mwezi wa kwanza

Mke wangu Mama Wegesa,

Salamu za mwaka mpya zikufikie wewe, watoto na Mama. Mimi ni mzima, tena mzima kuliko nilivyoondoka hapo Bunda. Mvua imeshika? Pamba imefika magotini? Ng'ombe wa Mama amezaa?

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni ya kwanza kwa mkono wako mwenyewe, bila kumbembeleza mdogo wangu Magesa akuandikie. Sifa kwa darasa la watu wazima! Lakini nilipofika pale uliposema kwamba asubuhi huinuki mpaka ushike ukuta, na kwamba umechanjwa chale kiunoni mara ya tatu na maumivu bado, furaha yangu ilikauka. Unaogopa palizi ya shamba la kijiji ikianza utashindwa, waseme mke wa mwandishi ni mvivu. Sikiliza basi, maana mwenye kosa namjua.

Mwaka jana mgongo wangu nao uligoma. Unajua makala naandika usiku; mchana kazi yangu hapa kiwanda cha kuchapa magazeti ni kupanga herufi za chapa, siku nzima nimeinamia meza. Nikaenda zahanati nikiwa tayari kwa ugomvi. Nikamhutubia muuguzi, mama mmoja wa Kigoma, jinsi wakoloni walivyouchosha mwili wa mfanyakazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Baba, meza yako inakufika wapi?"

"Mapajani."

"Wakoloni wameondoka zamani. Meza nayo unangoja nani aje aiinue?"

Nikarudi kiwandani. Nikatafuta matofali, nikaiinua meza. Wenzangu wakapiga kelele, "Mwandishi amejijengea mimbari!" Niliwaacha waseme. Muuguzi alitaka pia ninyooke na kutembea kidogo kila saa, nilale kwenye mkeka badala ya kile kitanda cha kamba kilicholegea, ninywe maji kabla ya kuona kiu, na sigara niiache. Kwa ajili ya sigara niligombana na kila mtu wiki mbili, ingawa wenzangu wanasema hawakuona tofauti. Hata chupa moja ya dawa sikupewa. Miezi miwili baadaye nilikuwa nafunga kamba za viatu huku naimba.

Ni pale mezani, nikiwa nimesimama wima, ndipo nilipoukumbuka mpini.

Ulipoolewa ulikuja na jembe la kwenu Butiama, mpini wake unakufika kifuani. Marehemu baba yako ndiye aliyekuchongea. Siku ya kwanza shambani Mama akapiga makofi:

"Jamani, njooni muone! Huyu amekuja kulima au kuchunga ng'ombe?"

Na shangazi akadakia, "Mwanamke analimaga ameinama. Fimbo hiyo atamchapa nani?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami, msomaji wa kila gazeti, adui wa kila unyonge, jioni ile nilichukua panga nikaukata, ukabaki urefu wa mkono. Kesho yake ukaingia nao shambani, umeinama. Kipande nilichokata nikakifanya kigingi cha mbuzi. Miaka kumi na mmoja kigingi kile kimemfunga mbuzi, na mpini uliobaki umekufunga wewe.

Nimeandika makala nyingi juu ya watu wanaokalia migongo ya wenzao. Mgongo ulio nyumbani kwangu sikuuandika. Nisamehe.

Sasa msomee Magesa mstari huu: wiki hii hii achonge mpini mpya wa kukufika kifuani. Nawe ukimaliza kila tuta simama, shika kiuno, jinyooshe. Ndoo ijaze nusu, uende mtoni mara mbili. Chemsha maji, uyabebe kwenye kibuyu mpaka shambani. Chale zipumzike. Na maumivu yakishuka mguuni, usiningoje mimi, nenda hospitali.

Na hapa msomee Mama: Mama, shikamoo. Najua utasema mji umeniharibu. Nakuuliza moja tu: gugu likikatwa, linajua aliyelikata aliinama? Na wewe unayetembea ukitazama vidole vya miguu yako, huo wote ni uzee? Magesa achonge mipini miwili.

Nimepewa likizo mwezi wa pili. Siku ya kwanza nitakuwa shamba la kijiji na jembe refu, tuta la kwanza, kando ya mke wangu. Atakayeuliza kama nimekuja kuchunga ng'ombe, aje na maji ya kunywa, maana jibu langu litakuwa refu.

Nisalimie mwalimu wako wa darasa la jioni, na shangazi, hata yeye. Wegesa mwambie, pamoja na ugomvi wangu wote, babake amebakiza meno yote.

Mbuzi mtafutie kamba na mti mwingine. Kigingi king'oe, uniwekee kando ya mafiga. Nikifika nitakitia motoni kwa mkono wangu, tuchemshie chai ya kwenda palizi.

Mumeo,
Baba Wegesa