Kikohozi cha Mwanahawa

Jumatano, Rajabu

Na leo tena rakaa zimenipotea, katikati ya adhuhuri.

Tangu uvimbe huu wa titi ukue, kichwa changu kimekuwa pakacha, kila ninachokitia kinavuja. Juzi uji niliutia chumvi mara tatu. Shemeji akaniuliza kama nimekunywa yale maji ya kuzuia risasi. Nikamwambia, "Sijanywa ya vita wala ya mganga." Kweli, mganga wa uvimbe yuko ng'ambo ya mto, na askari wa Mjerumani wamezuia mitumbwi. Dawa sijaionja, akili imeshatangulia kuondoka.

Anayenisitiri ni mke mwenzangu, Mwanahawa. Miaka yote tumegombania jiko, sasa anasali ubavuni kwangu, na nikifika rakaa ya mwisho anakohoa.

Leo akakohoa. Nikakaa, nikatoa salamu. Yeye akainuka kuendelea.

Alipomaliza akanitazama. "Bibi wee, umesali rakaa mbili."

"Si umekohoa?"

"Nina mafua, mwenzangu. Nisikohoe?"

Tulicheka mpaka nikalia. Uvimbe nauogopa, sikatai. Lakini naogopa zaidi siku nitakayosahau hata ninayemsujudia, na mganga bado yuko ng'ambo...

Tukairudia sala pamoja. Safari hii, ilipofika ya nne, alinikanyaga kidole cha mguu kwa nguvu zake zote. Sasa nacho kimevimba, ila rakaa zimetimia. Ee Mola, ukizihesabu, zile mbili za mafua nazo usiziache.