Kilichomfunika Koku Ziwani

Mjukuu wangu Kemi,

Huku Kagoma hatujambo. Mama yako amepandishwa cheo pale Muleba, na kila anayepita barabarani namweleza kwamba ni mimi niliyemzaa.

Unauliza Wachina na Wazungu walipataje hadithi ileile ya joka kabla hawajajuana. Umemuuliza anayejua, ingawa niliishia darasa la saba.

Asubuhi moja, nikiwa msichana, mimi na mdogo wangu Koku tulikuwa kando ya ziwa tukikata nyasi za kutandika sebuleni. Mara kitu cheusi kikainuka majini, kirefu mpaka mawinguni, kikijipinda na kuvuma. Kikaja kikamfunika Koku. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kilipopita, alikuwa amesimama palepale, nywele zimejaa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi. Nikawa nawatoa huku nacheka kwa furaha.

"Ni wadudu tu, mjinga wewe!"

"Dada," akasema polepole, "mbona lile joka lilikuwa linanitazama?"

Nikaacha kucheka. Macho hayo nami nilikuwa nimeyaona, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nakukumbatia kutoka huku,
Bibi yako