Kifinyango Aliyetoka Motoni

Jumanne, 4 Februari 2025

Tak! Halafu vipande vinatawanyika juu ya jiwe.

Sauti hiyo ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha kuchajia simu hapa Busia, upande wa Uganda, namtazama mtu nisiyemjua akicheza gemu ya Nyika Tisa. Shujaa alimpiga yule mwanasesere wa udongo mwenye macho makubwa, akavunjika. Shujaa sikumtazama tena. Ile ilikuwa sauti ya uani kwa Shangazi Dorah, mfinyanzi, kijijini Kisoko, chungu kinapomponyoka mtu. Sikuwa najua kwamba vitu vya kwetu vinaweza kuingia kwenye gemu.

Sasa nafanya kazi humo humo. Nachonga maumbo ya Nyika Tisa, sehemu ya nne, na Kifinyango, yule mwanasesere wa udongo, ni wangu. Ni adui wa kwanza, dhaifu kuliko wote. Anacheza, anakunyonya nguvu, unampiga mara mbili, kwisha. Kila mchezaji anamuua na kumsahau. Mimi sijaweza kumsahau.

Leo kwenye mkutano wa mtandaoni Jeff, bosi wetu wa Nairobi, alisema sauti ile ya zamani haitumiki tena. Waliiokota mahali bila ruhusa, sasa mwenyewe amejitokeza. Wilkister, fundi wetu wa sauti, akasema hataki ya kompyuta. Anataka udongo wa kweli, uliochomwa, uvunjwe mbele ya maiki. Jeff akakubali, ila iwe imefika Jumatatu tarehe 17. Ikikosekana, Kifinyango anatolewa na badala yake anawekwa popo.

Popo!

Nikasema nitaleta mimi. Nilisema haraka mno.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefika Kisoko kwa Shangazi. Kifinyango wa udongo niliyemfinyanga mwenyewe bado yuko juu ya kabati, pale nilipomwacha Krismasi baada ya kumpiga picha za kazi. Amekauka vizuri. Ndani nilimwacha na uwazi, na mgongoni ana tundu la hewa, kwa hiyo hatapasuka motoni. Kilichobaki ni moto tu. Na Shangazi anachoma vyungu keshokutwa!

Nikamwomba. Akakataa bila hata kuinua kichwa. Chenye macho hakichomwi, kasema. Watoto wa nyumba hii wote wamefinyanga ng'ombe na watu, na wote wamewaacha nje mvua iwachukue. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alimuuliza mama yake hivyo hivyo, akapewa kazi ya kuchota maji.

Akanipa ndoo.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya. Tulipokuwa tunapanga vyungu nilimtia Kifinyango ndani ya chungu kikubwa cha pombe, nikajaza nyasi juu yake. Shangazi alikuwa amekwenda kuchukua mavi makavu ya ng'ombe. Moto umewaka vizuri, upepo hakuna. Nimekaa karibu na Shangazi mchana kutwa, tukiongea habari za kawaida. Sijisikii mwizi. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumapili, 9 Februari

Nilipanga kuamka kabla ya Shangazi. Nilipotoka alikuwa ameshaketi kwenye majivu, mkono umezama hadi begani ndani ya kile chungu.

Akamtoa. Mzima! Mwekundu kama tofali, shavu moja limeshika moshi. Shangazi alimgeuza, akampuliza majivu kwenye macho. Nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akamwosha kwa maji ya vuguvugu, akamweka kwenye rafu ya vikombe.

"Anaitwa Owori," akasema.

Nikaeleza, nimechelewa sana lakini nikaeleza — gemu, maiki, Wilkister, popo. Alisikiliza yote. Halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba kilichoingia motoni na macho yake kikatoka kizima kimeshafika nyumbani. Kinapewa jina. Mwenye jina havunjwi.

"Na nikimvunja?"

"Utakuwa umemvunja." Akaanza kuchambua mboga.

Jumatano, 12 Februari

Bado niko Kisoko. Mtandao unashika vizuri nyuma ya choo tu, kwa hiyo ofisi yangu iko huko. Kufinyanga mwingine haiwezekani, hatakauka kabla ya Jumatatu. Kumchoma mbichi ni kumpasua.

Asubuhi Shangazi anamsalimia Owori kabla yangu! Jirani yetu Mzee Ofumbi alikuja kuazima jembe, akamwona.

"Dorah, umezaa uzeeni na hukutuita kunywa?"

"Angalia pua. Si yako hiyo?"

Mzee alicheka mpaka akasahau jembe. Baadaye nilimkuta Shangazi amemvisha ushanga mmoja shingoni. Anafanya utani, lakini ushanga ameufunga mafundo mawili.

Nampenda sana mwanamke huyu. Amenilea tangu nikiwa darasa la pili. Sijawahi kumnyang'anya kitu.

Jumamosi, 15 Februari

Wilkister amefika. Kwao ni Matayos, ng'ambo ya Kenya, anakuja nyumbani wikendi. Amevuka Busia asubuhi na maiki yake kwenye begi la nguo, kaletwa na boda mpaka mlangoni, vumbi tupu.

Shangazi alitoa Kiswahili chake cha kuuzia vyungu: "Wewe ndiyo nataka vunja mtoto?"

Wilkister akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Mama, mimi ni wa sauti tu," akasema. "Wa kuvunja ni huyu wako."

Shangazi alicheka, akatupa vyungu vitatu vyenye ufa tuvivunje tutakavyo. Vyote vilitoa sauti nzito, bwata, kama mtu anadondosha godoro. Wilkister alivua vifaa vya masikioni akatikisa kichwa. Anataka mwili mdogo, uliofungwa pande zote, wenye tundu. Alisema hayo huku anaitazama rafu.

Chakula kilikuwa ugali wa wimbi na samaki wa ziwani, wa Majanji. Shangazi alimweka Owori mezani. Wilkister, ambaye ofisini haogopi hata Jeff, alisogeza sahani yake kumpisha.

Jumapili, 16 Februari

Shangazi alikwenda kanisani. Hakufunga mlango, hakumficha. Alimwacha pale pale rafuni. Akaniambia tu nisisahau kuwanywesha mbuzi.

Wilkister aliweka maiki uani, akatandika jiwe bapa. "Msee, tuko peke yetu. Ni sekunde moja tu. Halafu unamwambia alianguka."

"Hawezi kuamini."

"Ataamini, ama atajifanya. Wazee wetu wanajua kujifanya."

Hilo lilikuwa kweli, na liliniumiza kuliko kama lingekuwa uongo. Ningeishi miaka yote iliyobaki na Shangazi anayejifanya.

Nilimchukua Owori. Mwepesi, jua la dirishani lilikuwa limempasha joto. Nilimwinua juu ya jiwe. Mkono ulikaa pale — sijui muda gani. Wilkister alianza kurekodi, nikasikia kidole chake kikibonyeza. Kuku alipita mbele ya maiki. Nikajiona vizuri sana, kama mtu mwingine ananitazama kutoka jikoni: msichana msomi ameshika mwanasesere, analia kwa ajili ya gemu. Au kwa ajili ya nini?

Nikamrudisha. Wilkister hakunilaumu. Alikunja nyaya zake moja moja, akasema, "Basi ni popo." Kisha mlangoni, akisubiri boda: "Lakini popo ni mbaya, Achola. Nimeshaona michoro. Ana miguu ya kuku."

Shangazi aliporudi aliangalia rafu mara moja, akauliza kama mbuzi wamekunywa. Wamekunywa.

Jumatatu, 17 Februari

Asubuhi na mapema nilikuwa nyuma ya choo na laptopu. Nilifungua Kifinyango ili nimfute mwenyewe — bora mimi kuliko mtu mwingine. Nikatazama mahali panapoandikwa uhai wake. Mapigo mawili. Nimekuwa nikitazama namba hiyo mwaka mzima.

Asiyevunjika hahitaji sauti ya kuvunjika.

Nikaifuta namba. Sasa panga halimfanyi kitu, moto haumfanyi kitu. Anasimama njiani kwenye nyika ya kwanza na macho yake. Nikaondoa na ule unyonyaji wake wa nguvu. Hakuna anachokunyonya. Mchezaji atapita kando yake. Na akipita, Kifinyango atamfuata. Hilo niliongeza mwishoni, bila kufikiri sana. Nikamvisha ushanga mmoja. Nikatuma kwa wajaribuji wote wa gemu kabla ya chai. Jeff nilimwandikia baada ya kutuma, si kabla. Najua utaratibu. Najua pia maana ya kuuvunja.

Saa nne ujumbe wa Jeff: nani ameruhusu hili? Wa pili: wewe ndiye adui wa kwanza sasa? Wa tatu aliuanza, nikaona anaandika, akaacha.

Halafu Fidel, mjaribuji wetu wa Kampala. Amempiga Kifinyango dakika ishirini nzima. Amejaribu kila silaha. Ametukana kwa lugha tatu, mbili nazielewa. Kisha:

"Achola, huyu kitu ananifuata. Nimeingia kijijini, naye ameingia. Nifanye nini naye?"

Jeff yumo kwenye mazungumzo hayo hayo. Jina lake linaonekana pale juu, anasoma.

Nimemjibu Fidel: "Mpe jina. Nimeshaweka mahali pa kuandikia."

Jeff ameanza kuandika tena.