Safari ya Kilwa Iliyohamia Jikoni

Jumatatu, 21 Julai

Nimemgeuza Mama. Nimemfuta. Uji wa ulezi, nusu kaunywa, nusu umeishia kwenye kanga. Kisha cherehani: sare za shule, halafu zipu ya mama mmoja mwenye haraka kama nyumba inaungua. Maji yamekatika tangu jana. Mgongo unauma vilevile.

Mchana dada Zuhura kapiga simu kutoka Dar. Ana wazo. Siku zote Zuhura ana wazo. Mwaka huu Nane Nane ni Ijumaa, mapumziko ni marefu, basi sisi watoto watatu wa Mama tukutane Kilwa: yeye, mimi, na Hadija kitindamimba wetu aliyeko Morogoro. Tule, tusikilize taarabu, tukaone magofu ya Kisiwani. "Na wewe Somoe upumue, mdogo wangu. Umechoka."

Sikujua kama anajua. Tangu Mama apate kiharusi sijalala nje ya nyumba hii hata mara moja, na miaka inakwenda. Nilimjibu inshallah. Lile inshallah la kumwondoa mtu mlangoni.

Jumatano, 23 Julai

Mama Betrisi kasikia. Ni jirani yangu hapa Rasbura, Mmakonde wa Newala, sauti yake inafika kabla yake. Kasema atahamia kwetu alale na Mama mpaka nirudi. Alimuuguza mama mkwe wake, kazi anaijua. Sikukuu hii alikuwa aende kwao, ameahirisha. Nikamwambia jamani usifanye hivyo. Kasema nyie watu wa pwani maneno mengi, funga begi.

Hadija kafungua kundi la WhatsApp, Madada Kilwa, na ratiba kaileta. Ijumaa tunakutana Kilwa Masoko, pweza na wali wa nazi, umepikwa na mtu mwingine. Hiyo ya mtu mwingine hakuiandika Hadija, nimeongeza mimi. Jumamosi boti mpaka Kisiwani, jioni taarabu. Jumapili Kivinje, alikozaliwa Mama.

Nimepita Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, mara chungu nzima nikienda Dar na kurudi. Basi linasimama, watu wanauza korosho dirishani, basi linaondoka. Sijawahi kukata kulia. Mtu wa Lindi, na umri wangu huu, Husuni Kubwa, gofu la Kisiwani, naijua kwa picha ya kitabu cha shule. Aibu tupu.

Jumapili, 27 Julai

Nimeanza kutamani. Kosa hilo.

Nimejikatia gauni. Kitenge nilinunua zamani, kikakaa kabatini kikisubiri shughuli. Nawashonea watu mwaka mzima, mimi navaa dera lililopauka. Begi nimelitoa uvunguni, mjusi alikuwa ametaga ndani.

Nimemwambia Mama. Tangu augue, maneno yake yanatoka moja moja na mengine hayatoki kabisa. Akili ipo, ulimi ndio mzito. Nikamwambia Mama, nakwenda kwenu. Kaniangalia muda mrefu. "Kivinje," kasema. Halafu mkono wa kulia, ule mzima, ukaanza kupiga godoro taratibu, ta, ta-ta. Ujanani alicheza lelemama huko, yeye na wenzake wamejipanga mstari, upatu unalia. Alikuwa akitusimulia tukiwa wadogo. Sijauona mkono huo ukipiga hivyo tangu augue.

Nikaenda jikoni nikalia. Kisha nikamenya vitunguu ili nipate kisingizio.

Jumatano, 30 Julai

Zuhura ana wazo jingine.

Kaandika kundini asubuhi. Mumewe, shemeji yetu, naye anataka kuja, watoto nao wameshikilia habari za safari, hawazungumzi kingine. Sasa Kilwa ya nini wakati Mama yuko Lindi? Tukutane Lindi. Mama tutamwona, watoto wataona maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, mji wenyewe una majengo yake ya zamani, muziki siku hizo hauna shida. "Na chakula cha Somoe hakuna hoteli inayokifikia!" Hadija kapiga makofi, yale ya kwenye simu.

Nikaandika: Karibuni sana, nyumba ni yenu.

Vidole hivi hivi vimeandika. Lakini ningeandika nini? Mtu anakuja kumwona mama yake mgonjwa, umwambie asije? Nani amewahi? Sisi tumelelewa hivyo: hodi ikipigwa, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijaulizwa. Nimekasirika. Nimejikasirikia mwenyewe, na Zuhura nimemkasirikia vya kutosha, hasira imebaki hata ya kumgawia Hadija.

Jumamosi, 2 Agosti

Maagizo yanaingia. Zuhura: pweza wa nazi. Shemeji: samaki wa kupaka, na awe changu wa Sudi, kasikia wa Sudi ni watamu. Hadija: mkate wa kumimina. Watoto waonje ming'oko, waijue asili yao. Haya. Ming'oko ni mizizi ya porini, inaoshwa udongo mpaka mikono inakauka, kisha inachemshwa. Asili yao ina kazi.

Hakuna aliyeuliza Mama anakula nini siku hizi.

Nimefua mashuka yote. Nimeazima magodoro, gesti zote za mjini zimejaa watu wa maonyesho. Sare za watu zimelala, wenyewe wananuna. Mama Betrisi nimemwambia safari imekufa. Newala nako hawezi kwenda tena, gari la ndugu zake limeshajaa. Nimekosa pa kuuweka uso. Kaniangalia, kasema, "Jirani, wewe ulimi huna?"

Ninao. Unafanya kazi humu kwenye kuandika tu.

Jumanne, 5 Agosti

Gauni limekwisha. Nimelikunja nikalitia begini, sijui la nini.

Mama kauliza: "Kivinje?" Nikamwambia siendi tena, wanakuja wao. Kageuzia uso ukutani. Uji hakunywa.

Nimechoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamefika alasiri. Zuhura, mumewe na watoto wao, Hadija na mapacha wake. Shikamoo mama mdogo, shikamoo mama mkubwa, marahaba, marahaba, viatu vimejaa barazani kama msikiti wa Ijumaa. Zuhura kamwangukia Mama kifuani, kalia. Chozi la kweli, simnyimi. Kisha kajifuta, kakaa mkekani, kauliza kama chai iko tayari.

Ilikuwa tayari. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mwenyeji wa methali ile alikuwa nani. Mwanamke hakuwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Jikoni tangu alfajiri. Vitumbua, chai, vyombo. Pweza, wali, vyombo. Mama katikati: kumgeuza, kumfuta, kumlisha. Wao wamekwenda Ngongo, wakapita kuona majengo ya zamani, wakashuka ufukweni kwenye muziki. Wamerudi na mchanga na njaa. Shemeji kasifia pweza mpaka kafumba macho. Kweli alikuwa mtamu. Mimi nilikula ukoko, nimesimama.

Zuhura kanipiga picha nina unga usoni. Kaituma kundini, lile lile la Madada Kilwa, na maneno: mapumziko matamu nyumbani. Hadija kauliza pilipili iko wapi. Iko pale ilipokuwa tangu tumezaliwa.

Kabla ya kulala wameniuliza ratiba ya kesho ikoje.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike polepole.

Asubuhi nilikwenda sokoni kumfuata huyo changu. Nikamwambia Zuhura, na Hadija anasikia: Mama ageuzwe, nguo yake iangaliwe, maji anywe kwa kijiko. Ndiyo, ndiyo, nenda. Samaki walichelewa. Nimerudi jua limepanda. Wote uani, redio imefunguliwa, wanacheka, shemeji anacheza na watoto. Nikapita moja kwa moja chumbani.

Mama alikuwa vilevile nilivyomwacha. Ubavu uleule. Ameloa mpaka shingoni. Alikuwa hataki kuniangalia.

Nikaanza kumvua. Zuhura kaja kasimama mlangoni, kashika mdomo. Kasema, "Tuliogopa kumuumiza, Somoe. Wewe ndiye unayejua namna yake."

Nilikuwa na kitambaa mkononi, na namshukuru Mungu kilikuwa kitambaa. Namna yake! Mimi nilizaliwa naijua? Aliyenifundisha ni nani, kama si kulia na kukosea?

Mama akanishika mkono wangu, akaubana. Akamtazama Zuhura.

"Siku," kasema. "Ngapi?"

Zuhura hakuelewa kwanza. Kisha kahesabu kwa sauti kama mtoto: tumekuja Alhamisi, Mama, jana Ijumaa, leo ya tatu.

Midomo ya Mama ikahangaika. Nilidhani anataka maji. Neno lilimpanda toka mbali, tukalisubiri wote wawili.

"Jembe."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama ndiye alikuwa akiwaambia hivyo ndugu waliokuja kukaa, huku anacheka na kuwaongeza wali. Zuhura naye kacheka. Mama hakucheka. Kicheko cha Zuhura kikakatika, kakaa ukingoni mwa kitanda, penye maji, bila kujali gauni lake. Uani redio bado inaimba.

Kisha Mama kanigeukia mimi. "Begi."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotoka. Nikasema kesho asubuhi nakwenda Kivinje. Zuhura kasema kesho si ndiyo tunaondoka. Nikamwambia dada, wataondoka wao. Duka lako huko Dar lina mtu wa kulishika, Mama hana. Utabaki mpaka nirudi. Sikupandisha sauti. Nilidhani nitapandisha, sikupandisha.

Kakunja mikono ya gauni lake. Kisha kasema, "Nionyeshe."

Nimemwonyesha. Mkono huku, goti lake likunje hivi, vuta shuka si mtu. Mara ya kwanza kamvuta Mama kama gunia la korosho. Mara ya pili afadhali. Mara ya tatu Mama kasema "haya." Hadija alikuwa anashika beseni na kulia bila sauti. Changu kapakwa na shemeji, kaungua upande mmoja. Tumekula hivyohivyo.

Nimemwomba Mama Betrisi achungulie tu. Kasema atakuja kuchungulia na kukaa, hiyo hawezi kuikosa.

Jumapili, 10 Agosti

Basi la asubuhi. Gauni jipya. Kila kituo nilitaka kushuka nirudi.

Nangurukuru nimeteremka. Basi likaondoka bila mimi, nikabaki na begi na wauza korosho. Bajaji. Tumekata kulia.

Kivinje ni majumba makubwa ya zamani yaliyochoka, kuta zimevua chokaa, mti umeota ndani ya moja umetokea juu kwenye ghorofa. Milango mingine imebaki na nakshi zake, nyumba yenyewe haipo. Nilitembea nikijiuliza Mama alitokea mlango upi. Nilishindwa kuuliza. Nimechoka hata kuuliza.

Gesti ndogo. Mhudumu, dada mmoja mpole: "Uko peke yako, mama?" Peke yangu. Neno hilo limekaa mdomoni vizuri.

Nimekula wali na samaki mchuzi. Nazi haikukolea, chumvi imezidi. Sikunyanyuka kusaidia. Chakula kitamu hicho, sijala kama hicho miaka.

Magharibi ilipopita nikasikia wanawake ua wa jirani wanajiandaa na harusi, upatu, sauti za kina mama watu wazima. Ta, ta-ta. Nikawarekodi kwa simu toka dirishani, nikamtumia Zuhura, nikamwandikia mwekee Mama asikilize.

Jumatatu, 11 Agosti

Alfajiri niliamka, miguu ikagusa sakafu, ndipo nikakumbuka hakuna wa kumgeuza. Nikarudi kulala. Nimeamka jua limeshawaka. Boti za Kisiwani ziko kule Masoko, na wanaokwenda huwahi asubuhi. Basi. Husuni Kubwa imesimama karne na karne, itanivumilia.

Mhudumu kaleta chai na mkate wa kumimina, wa jana. Nimekula kitandani na makombo nimeyaacha.

Simu ilikuwa na ujumbe wa Zuhura wa sauti. Kasema Hadija na shemeji na watoto wameondoka. Kasema Mama kasikiliza upatu ule mpaka mwisho, kautaka tena, na tena, mkono haukutulia. Kisha kimya, nikadhani umekwisha. Kisha kasema, "Somoe, mgongo wangu." Ujumbe huo nimeusikiliza mara mbili.

Kesho narudi. Yale mashuka yananisubiri, na sare za watu, najua. Zuhura kasema atakuwa anakuja. Tutaona, inshallah.

Adhuhuri sasa, joto. Hii ndiyo saa ya kumgeuza Mama. Zuhura yuko naye.

Nimejigeuza mwenyewe upande wa pili. Naandika kwa ubavu. Nalala.