Nadine Ameona Ufa Toka Juu ya Mawingu

Mutoto wangu Nadine ameona udongo wa Kasongo ukishuka, naye iko Kinshasa! Mudogo wangu Salomon, ninyi wote wa kule kijijini Wamaza hamujambo?

Kiisha tetemeko la udongo kupasua nyumba yangu, nilikandika ufa wa ukuta, nikapaka chokaa. Majirani wote niliwaficha, lakini satelite sikuiweza. Nadine, mwenye kazi ya kusoma picha za satelite, akapiga simu: «Mama, rada imepima kupita mawingu. Chini ya nyumba yako udongo umeshuka vidole viwili, na ungali unashuka. Toka!»

Vidole viwili, Salomon, toka kule juu! Nani mwengine amezaa macho kama haya?

Nyumba aliyojenga marehemu baba yake Nadine tutaibomoa mbele haijatuangukia. Nimelia, nimemaliza. Mihogo iko tayari; muje wote tushushe mabati.

Mimi dada yako Emilienne, ninawangoja siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe kumi na mbili.