Saa Nane ya Wapi?

Alhamisi, mwezi wa saba. Tunduma.

Baridi na vumbi, kama kawaida ya mwezi huu hapa kwetu. Upepo umevuma tangu asubuhi na midomo imenipasuka, ila leo sina la kulalamika. Nimefanya usaili wangu, na nasema bila aibu: nimefanya vizuri.

Ingawa nusura nisiufanye kabisa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nimemaliza mitihani ya mwaka wa tatu Dar es Salaam, nimerudi nyumbani Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, kusubiri matokeo. Niliomba kwenda kusoma shahada ya uzamili Uskochi. Chuo kimenikubali, lakini bila ufadhili siendi popote, na ufadhili wenyewe ni wa mtu mmoja tu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhojiwa kwa intaneti, saa tisa alasiri kwa saa za Tanzania. Waliniandikia hivyo, wazi kabisa.

Mama hajasema mengi kuhusu safari hii. Siku nilipomwambia aliuliza tu, "Ni mbali?" Nikamtajia saa za kukaa kwenye ndege. Akaendelea kupepeta mchele.

Leo mchana nilikwenda kukaa naye kwenye banda lake la mchele, jirani kabisa na mpaka, maana kafe ya intaneti iko mtaa wa pili. Nimeoga, nimevaa blauzi nyeupe, majibu yote kichwani. Nikatazama simu: saa nane. Nikaagiza chipsi.

"Enesi, si ulisema saa tisa?" Mama akauliza.

"Bado mama, ndiyo kwanza saa nane."

Akanitazama kama anayetazama mgeni. "Saa nane ya wapi?"

Mungu wangu.

Mtoto gani wa Tunduma anasahau kuuliza hilo? Ukiwa karibu na mpaka, simu inanasa mnara wa Zambia, na saa inajirudisha nyuma yenyewe kwa saa moja. Hapa hata mtu akikuahidi mkutane sokoni, kwanza unamuuliza: saa yetu au yao? Mama saa yake ya mkononi ni ya Zambia, kwa ajili ya wateja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ya kwenye banda ni ya Tanzania. Mimi miaka mitatu ya Dar imenilainisha.

Nilikimbia na blauzi yangu nyeupe katikati ya mikokoteni na malori, chipsi nimeziacha zinapoa. Nilipofika walikuwa wameshapiga mara mbili. Ya tatu nikapokea huku nahema.

Walikuwa wawili, mama mmoja mwenye mvi na kijana wa miwani. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, ule wa kila mtu: mtandao ulisumbua. Sijui kilichonizuia. Nikawaambia ukweli, kwamba mimi niko Tanzania ila simu yangu imevuka kwenda Zambia.

Yule mama akacheka. Akataka kujua, sasa wafanyabiashara wanakubalianaje muda? Na utafiti ninaotaka kuufanya si ndio huo huo, wa akina mama wanaouza pande zote mbili za mpaka! Andiko langu nilikuwa nimelijaza maneno makubwa makubwa. Nikaliacha huko huko, nikawaeleza banda la Mama. Kiingereza kikatiririka chenyewe, hata mimi nikajishangaa.

Kijana akauliza kama nimewahi kukaa ugenini, nje ya nchi, kama nitamudu. Nikamwambia Jumapili iliyopita nilikwenda nchi ya nje kula nshima, ugali wa Kizambia, kwa mama mdogo, nikarudi kulala kwetu. Bibi yangu amezikwa huko. Sisi nje ya nchi ni kuvuka barabara.

Wakatazamana wakitabasamu. Hapo nikajua nimewapata.

Jioni tulipokuwa tunafunga banda, Mama hakuuliza kama nimeshinda. Aliuliza, "Huko Uskochi saa zao zikoje?"

"Sasa hivi wako nyuma yetu saa mbili."

Akaitazama ile ya mkononi, akapiga hesabu taratibu. "Zambia wako nyuma saa moja. Kumbe hao wenzetu wameipita Nakonde saa moja tu?" Akabana kofuli, akalivuta kuhakikisha. "Basi si mbali, mwanangu."

Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Sikumwambia kwamba majira yao ya baridi hizo saa mbili zinakuwa tatu. Jibu likija nitamwambia.

Na litakuja.